Kitu Chenyewe Chasema

Mahakama ya Hull, Jumanne, saa nne kasorobo,
mvua ya Februari ingali kwenye mabega ya makoti.
Mimi ni mdomo wa kukodi. Nimeapa
kutoongeza, kutopunguza,
kutotia chumvi hata palipo chapwa.

Kushoto kwangu Bi Nabintu wa Bukavu,
mkoba mapajani, na ndani ya mkoba
picha kumi na moja za dari moja.
Ng'ambo ya meza, Bwana Applegarth, mwenye nyumba,
anakagua kucha zake kama risiti.

Wakili wetu, Thwaite, ni mtu wa zamani.
Wenzake walishayafungia kabatini maneno yale,
yeye bado anayavaa, kama tai ya marehemu baba yake.
Akasimama, akasafisha koo, akasema:
*Res ipsa loquitur.*

Na kabla sijafumbua kinywa
Bi Nabintu akainamisha kichwa,
akaitikia kwa sauti ya kanisani: *Amina.*

Jaji akashusha miwani.
Ikabidi nimuulize mama, kisha nieleze:
babu yake alitumikia misa ya mapadre,
na lugha hii kwake ni ya ubani na kengele,
haijawahi kumdai kodi.

Nikatafsiri: kitu chenyewe chasema.
Akawaza. Akauliza, nami nikauliza kwa Kiingereza,
maana hiyo ndiyo kazi:
"Kama kitu chasema,
mbona nimeitwa mimi kusema?"

Wakili wa upande wa pili, kijana, hakucheka.
Ukungu ukutani upo, alikiri. Mtoto anakohoa, alikiri.
Lakini kutoka ukuta hadi kifua, *non sequitur*.
Haifuati, nikasema.
"Inafuata," akajibu. "Inamfuata Mugisho wangu kitandani.
Aje alale kwetu, ataisikia ikivua viatu."

Niliitafsiri yote, hata viatu.

Nyumbani nina daftari la mistari,
Kilatini kushoto, Kiswahili kulia.
*Onus probandi*: mzigo wa kuthibitisha.
Huo haukunisumbua, nimeshaona nani huubeba ngazini.
*Mens rea* ina pengo mwaka wa tatu sasa.
Niliandika akili yenye hatia, nikafuta;
kwetu moyo ndio hukosa,
akili huitwa baadaye, kama shahidi.

Hakuna hata mmoja chumbani mle
aliyebembelezwa kwa Kilatini,
si jaji, si Thwaite.
Hakuna shangazi anayegomba kwacho jikoni.
Sote tulikuwa wageni mlangoni pake,
ila wengine walipewa ufunguo shuleni.

Na bado tumo ndani kuliko tunavyodhani:
meza tuliyoizunguka tuliipata kwa Mreno,
naye aliirithi huko huko;
na kesi, ukiivua koti lake la Kiingereza,
ni neno la kale la kuanguka.
Dari ya Bi Nabintu ililijua hilo mapema.

Saa saba jaji akaahirisha. *Sine die*, akanong'ona Thwaite.
Bila siku, nikasema.
"Bila siku gani?"
Bila siku yoyote, mama.
Akafungua mkoba, akatoa kalenda ndogo ya parokia,
akaikunjua mbele yangu, kalamu mkononi,
akangoja nimwonyeshe pa kutia alama.

Sikuongeza. Sikupunguza.

Barabara ya Holderness, ghorofa ya pili,
ndoo ilikuwa bado inatoa ushahidi wake,
si chururu, wala hakuna aliyeiapisha:
ndo,
ndo,
ndo.